Usajili wa uinjinia, ERB ya hapa Tanzania, CEng ya Uingereza au ECSA ya Afrika Kusini: nianze na ipi?

Mdau_Chikongola
Wakuu habari za jioni. Korosho za familia zimeuzwa, mgao wangu nimepata, na nimeamua safari hii pesa isiishie kwenye bodaboda, nailipia usajili wa taaluma. Kuna kazi imetangazwa upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, wanataka injinia aliyesajiliwa "au sifa inayolingana". Sasa hapo kwenye inayolingana ndo nimekwama, inalingana na ipi? Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao. Naomba waliopitia waniambie, kati ya ERB (bodi yetu ya usajili wa wahandisi), CEng (cheo cha injinia aliyesajiliwa Uingereza) na ECSA (baraza la wahandisi la Afrika Kusini), ipi ina nguvu zaidi.

Binti_Mikindani
Kaka ya muhimu umeyaacha yote. Una diploma au digrii? Fani gani? Umefanya kazi miaka mingapi, na ERB ushaingia hata kama graduate (mhitimu anayejifunza kazi)? Tukikujibu sasa hv tutakuwa tunabahatisha na pesa yako.

Mzee_wa_Shangani
Mwanangu anza na ERB, mengine baadae. Sheria ya usajili wa wahandisi ya 1997 iko wazi, hapa nchini huruhusiwi kufanya kazi ya uinjinia bila kusajiliwa. Uingereza sivyo, kule neno injinia lenyewe halilindwi, hata anayekuja kutengeneza boila nyumbani anajiita hivyo, kinacholindwa ni vyeo kama CEng na IEng. Sasa utavaaje koti la ugenini wakati kwenu huna shati?

LindiKwetu
Shikamoo nang'olo. Kwa kazi za ndani nakubaliana na wewe, ila kwa kampuni za gesi mimi nashauri CEng tu, mameneja wao wengi wamepita humo humo. Na Waingereza hawakuhesabii miaka, wana kitabu chao cha viwango kinaitwa UK-SPEC chenye mambo matano, A mpaka E: ujuzi na uelewa, kubuni na kutatua matatizo, kubeba dhamana na kuongoza, mawasiliano, halafu maadili na kujiendeleza. Unaonyesha kila moja kwa kazi uliyoifanya wewe.

Mdau_Chikongola
Samahanini nilikuwa shifti. Ni mechanical, nilianza diploma NTA 6 nikaunganisha digrii nikamaliza 2019. Miaka minne niko matengenezo, pampu na kompresa. ERB nimesajiliwa kama graduate tu. Daftari la mafunzo, la kuandikia kazi zangu, ninalo ila sijalijaza vizuri.

Ras_Ruvula
Hapo kwenye daftari ndo penyewe, utarudi tu kulijaza. Kwanza tuelewane kitu kimoja maana watu wanachanganya sana. Mkataba wa Washington wa 1989 unatambua DIGRII, hautambui leseni. Afrika Kusini wamo toka 1999, sisi bado hatujawa wanachama kamili, kwahiyo ukienda nje digrii yako inaweza kupimwa upya. Fundi sanifu wana mkataba wao wa Dublin wa 2002, na katikati kuna Sydney wa 2001 wa wanateknolojia ya uhandisi. Na wanavyotofautisha ngazi mimi huwa napapenda, hawasemi huyu kasoma miaka mingapi, wanauliza anatatua tatizo la aina gani. Fundi sanifu anapewa tatizo lililoelezwa likaeleweka na njia yake inajulikana. Injinia anapewa tatizo tata, taarifa hazijakamilika, mambo yanavutana, na jibu halipo kwenye mwongozo wowote. Jiulize kazi zako za miaka minne ziko wapi hapo.

Kijana_Masasi
Ngoja niseme yaliyonikuta, ni marefu mnivumilie. Nilifanya kazi sehemu moja siitaji, tukawa na pampu inakula sili (kile kizuizi cha uvujaji) kila baada ya wiki chache. Wanabadilisha sili, inavuja, wanabadilisha tena. Usiku mmoja nikiwa shifti nikachukua saa ya kupimia nikaibandika kwenye shafti nikawa naizungusha kwa mkono taratibu, mshale ukawa unacheza kuliko inavyoruhusiwa, shafti imepinda. Asubuhi nikamwambia bosi, ikabadilishwa shafti, pampu ikatulia. Nimefika mbele ya jopo kuombea usajili nikaeleza vizuri tu, tuligundua, tukapima, tukabadilisha. Mzee mmoja akavua miwani akaniuliza, nani aliamua kuwa tatizo ni shafti na sio sili? Nikasema sisi kama timu. Akauliza tena, wewe ulifanya nini? Wallahi nilishindwa kusema mimi. Sie huku tumelelewa kusema tumefanya, ukisema nimefanya mbele ya wakubwa unaonekana unajikweza. Na ushahidi wa maandishi sikuwa nao, supavaiza wangu alishaondoka kazini bila kusaini hata ukurasa mmoja. Nikarudishwa, nikapoteza mwaka mzima kwa ile "tu" ya "tulifanya".

Binti_Mikindani
Pole sana, hiyo imenigusa. Ila ndo maana mimi mhasibu naona mtihani una haki zaidi, CPA ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu, unakaa kwenye karatasi unajibu, hakuna wa kukuuliza kwa nini unasema sisi.

Ras_Ruvula
Dada mtihani hauwezi kuona kama mtu angeisimamisha mashine saa nane usiku bosi akiwa amelala. Waingereza wenyewe walishajaribu kuikatakata kazi vipande vipande vya kuweka tiki, ule mfumo wa vyeti vya ufundi, NVQ, wa 1986. Kwa kazi za mikono ulienda, kwa kazi za juu ulipata shida maana maamuzi ya mtu hayawekwi tiki. ECSA nao wana matokeo 11 ya kuonyesha uwezo wako kwenye makundi matano, na bado lazima uandike ripoti uieleze kwa mdomo wako.

Binti_Mikindani
Sawa lakini jopo nalo ni watu, na binti akiingia pale akasema "mimi niliamua" anapokelewa sawa na kaka yake? Hilo mnijibu.

LindiKwetu
Swali zito hilo, lifunguliwe uzi wake. Mdau, ule mkataba wa EAC wa 2012 wa kutambuana usajili wa wahandisi usiutegemee, Msumbiji haimo EAC, iko SADC. Na Kireno unakijua?

Mdau_Chikongola
Kireno cha sokoni tu. Unavukia Kilambo au unazunguka darajani Mtambaswala?

Mzee_wa_Shangani
Kilambo ni karibu ila uulizie kivuko kabla hujatoka nyumbani. Daraja la Umoja ni la uhakika, lipo toka 2010, shida ni mzunguko. Halafu mwanangu, korosho mliuza mnada wa ngapi? Huku kwetu malipo bado.

Mdau_Chikongola
Wa pili, nang'olo. Jamani nimelifungua daftari sasa hv, kurasa nyingi nimeandika tulifanya tulifanya. Naanza kuandika upya usiku huu. Ila supavaiza wangu wa mwanzo alishahamia Mwanza, anaweza kusaini akiwa huko?

Kijana_Masasi
Yeye mwenyewe kasajiliwa ERB kama professional (injinia kamili)? Muulize namba yake kwanza kabla hujamtumia chochote.