Tupeane uzoefu: gemu, kusoma na kutunga hadithi nyumbani (Arusha na Moshi)

Fundi_wa_Sakina

Wakuu, uzi huu ni wa watu wa Arusha na Moshi ambao jioni wakimaliza shughuli zao wanashika pedi ya gemu, kitabu au kalamu. Tulete mbinu na sababu zake. Zile za "mimi nilianza nikiwa darasa la tatu" tuziweke kando, mtu akipita hapa aondoke na kitu cha kufanya leo usiku.

Nianze na umeme. Mashine ya gemu ya PS4, ile nene ya mwanzo, ikiendesha gemu zito inakula kama wati 150. TV ya LED ya inchi 32 ihesabie 50. Jumla 200, kwa hiyo saa tano za kucheza ni uniti moja ya LUKU. Pasi ya wati 1,000 inamaliza uniti hiyo kwa saa moja tu, basi wanaosema gemu ndiyo inayomaliza umeme nyumbani wanaionea.

Kinachoua mashine ni umeme kukatika wakati diski inaandika. Ukirudi, mashine inaganda kwenye nembo au inagoma kufungua gemu. Kabla hujaibeba kwa fundi: izime kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie. Mlio wa kwanza usiachie. Baada ya kama sekunde saba unakuja wa pili, hapo achia, utatokea ukurasa wa matengenezo. Chomeka pedi kwa waya, maana kwenye ukurasa huo haisomeki bila waya. Chagua namba 5, ya kujenga upya kanzidata (orodha ya vilivyomo kwenye diski). Haifuti gemu wala sevu. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, kaa nazo mbali.

UPS (kile kisanduku chenye betri ya akiba) ya VA 650 inazibeba mashine na TV bila shida, ila nunua ukijua kazi yake ni kukupa dakika chache za kusevu na kuzima, siyo za kumalizia mechi. Na umeme ukirudi usikimbilie kuwasha, volti huwa inapanda na kushuka mwanzoni. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kidogo kabla ya kuuachia, kinafaa hapa pia.

Mashine ya mtumba geuza usome kibandiko. Kikiandika 100–240V, chomeka. Kikiandika 120V peke yake, hiyo inataka transfoma; ukiichomeka kwenye 230V yetu unanusa harufu papo hapo.

Pedi_Nzima

Safi mkuu. Mimi naongezea ugonjwa wa pedi ya PS4, mchezaji anatembea mwenyewe hujagusa kitu.

Pembeni ya kila kijiti cha kuongozea mchezaji kuna visanduku viwili vidogo vya kupima mwendo, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani yake kuna njia ya kaboni inayosuguliwa na kijimkono. Vumbi likiingia, au kaboni ikichakaa, kipimo kinadanganya. Vumbi la kiangazi la Arusha mnalijua.

Fungua skrubu nne za nyuma kwa bisibisi ndogo ya msalaba, kisha achanisha kwenye mikono ya pedi taratibu, kwa sababu kuna utepe mwembamba unaounganisha nusu mbili na ndio watu wengi wanaoukata. Chomoa waya wa betri kwanza. Dondosha tone moja la spiriti ya isopropili (asilimia 90 kwenda juu) kwenye mwanya wa kila kisanduku, zungusha kijiti kila upande dakika moja hivi, acha ikauke kabisa ndipo ufunge. Mafuta ya kulainisha usiweke hata kidogo. Siku mbili tatu kijiti kitakwenda vizuri, halafu mafuta yanakusanya vumbi na unarudi ulikotoka.

Tatizo likirudi baada ya siku chache, ujue kaboni imeisha. Hapo ni kubadili kijiti kizima chenye miguu 14 iliyochomelewa. Kama huna pampu ya kunyonya risasi, mpelekee fundi simu. Ukilazimisha kung'oa mguu mmoja mmoja unaondoka na njia za bodi.

Bao_la_Mkono

Kuna wanaolaumu pedi kumbe TV ndiyo inayochelewa. Unabonyeza shuti, mchezaji anapiga baadaye. TV za kisasa huwa zinaipamba picha kwanza kabla ya kuionyesha. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa hali ya gemu. TV isiyo nayo, zima vilainisha-picha vyote kimoja kimoja. Nyingine ukiupa mlango wa HDMI jina la "PC" zinaacha kupamba zenyewe.

Wa PS2: picha ikitoka nyeusi na nyeupe, mashine haijafa. Diski ni ya mfumo wa rangi wa NTSC na TV imefungwa kwenye mfumo mwingine, PAL. Weka mfumo wa rangi "Auto".

Msomaji_Majengo

Naona gemu imeshika uzi, ngoja niingize vitabu.

Wanaosoma kwenye simu wengi huacha kwa sababu moja, faili la PDF. PDF ni picha ya ukurasa mkubwa iliyobanwa kwenye kioo cha inchi 6, kila mstari unavuta kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Tafuta EPUB, aina ya faili la kitabu cha simu. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya yenyewe. Halafu EPUB ya riwaya nzima mara nyingi haifiki MB 2, wakati PDF ya kuskani inaweza kula MB 50 za bando. Ukishapakua weka hali ya ndege. Chaji inadumu na meseji hazikuiti.

Kwa vitabu vya karatasi, maktaba ya mkoa ipo Arusha na Moshi, zote chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Vya mitumba vya barabarani pia vizuri, lakini kabla hujalipa shika kitabu kwa mgongo ukitingishe kidogo. Kurasa zikicheza, gundi imekufa. Siyo sababu ya kukiacha, ni sababu ya kushusha bei.

Kukitengeneza: gundi nyeupe ya seremala, usitumie supagluu. Supagluu inakauka kama kioo, ukifungua kitabu mgongo unapasuka mstari mzima. Chovya kijiti cha meno, paka nyembamba kwenye mgongo wa ndani, rudisha kurasa zikiwa zimelingana, zungushia karatasi ya nailoni, kandamiza kwa tofali mpaka kesho yake. Ukipaka nyingi inavuja na kugandisha kurasa za katikati.

Rafu isigusane na ukuta, hasa masika. Acha nafasi ya vidole vitatu hewa ipite. Na mchwa wa Moshi hupanda kwa ukutani.

Bao_la_Mkono

Msomaji, kwenye simu mimi bado napinga. Kioo usiku kinaua usingizi.

Msomaji_Majengo

Punguza mwanga, weka rangi ya njano. Ukishindwa, daftari la maktaba linakusubiri ndugu.

Kalamu_ya_Kibosho

Habari zenu. Nakuja na kutunga, naomba mnivumilie urefu.

Kwanza jua kiasi. Hadithi fupi ya kawaida ina maneno kati ya 2,000 na 5,000. Ukurasa wa kauntabuku wenye mistari 30, kila mstari maneno tisa hivi, unabeba kama maneno 270. Hadithi ya maneno 3,000 basi ni kurasa kumi na moja. Ukiandika ukurasa mmoja kila jioni, wiki ya pili inaisha una rasimu. Usirekebishe ukiwa njiani. Anayerudi kila siku kusafisha ukurasa wa kwanza hafiki wa tano.

Pili, nyakati. Hapa ndipo hadithi nyingi za wanaoanza zinapokufa. Tazama hii:

"Alifungua mlango, aliingia, alimkuta mzee alikuwa amelala, alitoka."

Ni maelezo ya polisi. Sasa:

"Alifungua mlango, akaingia, akamkuta mzee amelala. Akatoka."

-li- inafungua tukio, -ka- inalisukuma. Kila -li- mpya inamwambia msomaji kwamba umeanza upya, kwa hiyo itumie unapotaka kuanza upya kweli. Ukitaka kukanusha katikati ya mfululizo, chukua -ku-: "akagonga, hakujibiwa, akaondoka." Na -ki- ni ya jambo linaloendelea pembeni: "akamsikia mtu akicheka." Chukua kurasa zako mbili za mwisho, zungushia kila -li- kwa kalamu nyekundu. Zikizidi tatu kwenye aya moja, punguza.

Tatu, mahali. Msomaji wa huku ukikosea eneo anafunga kitabu. Ukiwa Moshi ukautazama Mlima Kilimanjaro, kilele cha Mawenzi kiko kulia kwako, cha Kibo kushoto. Mlima huwa wazi alfajiri na jioni. Mchana wa masika mara nyingi umejifunika, basi usimsimamishe mhusika mjini saa saba mchana mwezi wa Aprili akashangaa theluji. Soko kubwa la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Basi linalotoka Arusha linapita Usa River kwanza, ndipo lije Boma Ng'ombe. Haya ni ya bure, kwa nini uyakosee?

Mazungumzo nayo. "Aisee" moja kwa ukurasa inatosha kumtambulisha mtu wa Moshi, ya kumi ni kichekesho. Mangi ni jina ambalo wateja wanamwitia mwenye duka, siyo kila Mchaga. Salamu zikate, isipokuwa zina kazi: kijana anayempita mzee bila shikamoo ameshasema mengi, huhitaji kueleza kwamba ana hasira.

Chagga_Pixel

Kalamu, miswada ipelekwe wapi?

Kalamu_ya_Kibosho

Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ipo pia ile ya Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell; hiyo inataka kazi ya urefu wa kitabu, hadithi moja fupi haifai. Soma masharti ya mwaka husika mwenyewe, usitegemee ya mwaka jana. Ukiamua kuchapa kwa fedha yako, namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Maktaba.

Na wanaoandika kwa mkono: kila ukijaza kurasa tano, zipige picha ujitumie kwa barua pepe. Picha moja kwa ukurasa mmoja, mwanga utoke upande wa kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi, na andika namba ya ukurasa kwenye kona kabla ya kupiga. Simu huzipanga kwa saa ya kupigwa, ukirudia ukurasa mmoja uliotoka na ukungu mpangilio wote unavurugika.