Tupeane uzoefu: Nyumba iliuzwa miaka ya nyuma, leo ina thamani gani?

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaopiga hizi hesabu kila siku: wathamini, madalali, mafundi, wanasheria wa mauziano. Kama bei ya zamani ya nyumba unayo, unaifikishaje leo? Leteni hatua, tarakimu na mitego. Bei za kusikia kijiweni tuziache.

Futikamba (Dar)
Tenganisha kiwanja na jengo kabla hujagusa kikokotoo. Kiwanja kinapanda, jengo linachakaa, na ukivichanganya hesabu yote inaharibika.

Mfano, tarakimu ni za kuelekezea tu. Nyumba iliuzwa milioni 120 miaka sita iliyopita, kiwanja mita za mraba 600. Wakati ule viwanja vitupu vya mtaa huo vilikuwa 60,000 kwa mita ya mraba, leo 95,000. Wengi wanagawa 95 kwa 60, wanazidisha kwa milioni 120, wanatangaza milioni 190. Hapo wameshamwongezea mwenye nyumba bati lililochoka na rangi iliyobanduka.

Fanya hivi: kiwanja 600 × 95,000 = milioni 57. Jengo lina mita za mraba 150. Kulijenga upya leo, tuseme 700,000 kwa mita, ni milioni 105. Lina miaka 9, nalo tumelikadiria uhai wa miaka 50, kwa hiyo toa 18%, inabaki milioni 86.1. Jumla ni kama milioni 143. Kati ya 143 na 190 kuna pengo la milioni 47, na ndilo linaloifanya nyumba ikae sokoni miaka miwili bila mteja.

Kuhusu mwenendo: kutoka 60,000 hadi 95,000 ni ongezeko la 58%. Usiligawe kwa sita ukasema karibu 10% kwa mwaka. Ongezeko linazaa juu ya ongezeko, na kiwango halisi ni kama 8%. Ukisogeza mauzo ya kiwanja ya miezi 14 iliyopita kwa kiwango hicho, unaongeza takriban 9.4%.

Stempu
Mkuu Futikamba, hesabu imenyooka, lakini hiyo milioni 120 umeitoa wapi? Kama ni kwenye mkataba wa mauziano, ihakiki kwanza. Ushuru wa stempu na kodi ya faida vinakokotolewa kwa kuangalia bei, kwa hiyo mikataba mingi huandikwa chini ya kilicholipwa kweli. Bei ya tangazo nayo ni ya kuanzia mazungumzo. Waulize mnunuzi, muuzaji na dalali kila mmoja kwa wakati wake. Wawili wakitaja namba moja, ichukue.

Halafu uliza iliuzwaje. Mnada wa benki, ndugu kwa ndugu, warithi wanaogawana haraka, au malipo ya awamu ya mwaka mzima: zote hizo si bei za soko huru. Tarehe ya kuandika ni ile waliyokubaliana bei. Hati inaweza kubadilishwa jina mwaka mmoja na nusu baadaye, na ukitumia tarehe hiyo mwenendo wako unapinda.

Mkanda_wa_mita
Nakazia ukubwa. Maeneo yasiyopimwa yanauzwa kwa hatua. "20 kwa 20" inaandikwa mita za mraba 400, lakini hatua ya mtu ikiwa sentimita 85, kiwanja ni mita 17 kwa 17, yaani 289. Umepoteza 28% na bei yako ya mita moja imeshakuwa ya uongo. Nenda na futikamba, pima pande zote nne na ulalo mmoja, maana viwanja vingi vya huko si mstatili. Na usilinganishe boma na nyumba iliyokwisha, hata kama ramani ni ileile.

Wa Ruiru
Kenya tuna tatizo kama hilo kwa ploti. Ile ya futi 50 kwa 100 watu huiita "eighth", lakini ni kama mita za mraba 465, ilhali thumuni halisi ya ekari ni karibu 506. Tofauti ya 8% kabla hujaanza kazi. Pia kodi ya faida ya mauzo ilipanda kutoka 5% hadi 15% Januari 2023, kwa hivyo bei zilizoandikwa kabla na baada ya hapo zisome kwa tahadhari.

Leicester_TZ
Huku Uingereza bei za mauzo ya nyumba England na Wales ziko wazi kwa umma kuanzia 1995, na kuna faharisi rasmi ya bei kila mwezi, yaani namba inayoonyesha bei zimepanda au kushuka kiasi gani. Hesabu: bei ya zamani × faharisi ya leo ÷ faharisi ya mwezi ule. Tumia faharisi ya wilaya yako na aina ya nyumba yako, maana fleti na nyumba iliyojitenga haziendi mwendo mmoja. Miezi ya karibuni usiiamini sana, mauzo huchelewa kusajiliwa na takwimu hurekebishwa. Kama nyumba iliongezwa chumba baada ya kuuzwa, faharisi haijui. Na nyumba iliyonunuliwa mpya kutoka kwa mjenzi ilibeba nyongeza ya bei kwa sababu ya upya wake, ambayo haijirudii kwa mnunuzi wa pili.

Futikamba (Dar)
Sisi hatuna faharisi ya mtaa, kwa hiyo tunaitengeneza wenyewe kwa jozi: kiwanja kilekile kilichouzwa mara mbili bila kuendelezwa. Jozi nne au tano za eneo moja zinakupa mwelekeo kuliko mfumuko wa bei wa taifa, ambao unapima unga na nauli pia.

Angalia pia mahali mwenendo wa bei unapokatika. Kimara, kwa mfano: mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, bomoabomoa ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro ikaja 2017. Usiunganishe mauzo ya kabla na ya baada kwa mstari mmoja, na nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara (eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara) usiilinganishe na ya mtaa wa pili.

Masaki na Oysterbay mauzo mengi ya nyuma yalikuwa kwa dola. Yabadilishe kwa kiwango cha siku ya makubaliano, kisha usogeze kwa shilingi. Ukitumia kiwango cha leo, kushuka kwa shilingi kutaonekana kama kupanda kwa nyumba.

Mgeni wa jukwaa
Nyumba ya kulinganisha iko barabara ya lami, yangu iko vumbini. Naongeza au natoa?

Stempu
Unatoa, kwenye bei ya ile ya lami. Unarekebisha nyumba iliyouzwa ifanane na yako. Ikiwa bora, bei yake inashuka, ikiwa duni, inapanda. Hapa ndipo wengi wanageuza alama. Kiasi gani? Tafuta viwanja viwili vilivyouzwa msimu mmoja, tofauti yao iwe lami tu. Fuata mpangilio huohuo kwa hati dhidi ya karatasi ya serikali ya mtaa, kisha maji na ukuta. Marekebisho yote yakizidi 25% ya bei, mauzo hayo yaweke kando utafute mengine. Na kama ni kwa ajili ya mkopo, benki itataka ripoti ya mthamini aliyesajiliwa hata hesabu yako ikiwa safi.