Mlinzi apunguziwe saa au aongezewe mshahara?

Kisiki: Walinzi wengi wa kampuni binafsi hapa Dar wanapiga zamu ya saa 12, siku 6 kwa wiki. Jumla saa 72, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia saa 45 za kawaida. Tuanze na kipi, kupunguza saa au kupandisha kima cha chini? Mimi nasema saa.

Mama Pwani: Saa chache hazijazi sufuria. Mshahara kwanza.

Dalali_77: Saa 12 za nini? Nusu yake anakoroma kwenye kiti, asubuhi pampu ya maji haipo.

Zamu ya Usiku: Mkuu, hilo la kukoroma lifute. Mtu anatoka lindoni saa 12 asubuhi, daladala mbili hadi Chanika, na saa 12 jioni awe getini tena. Alale lini? Sheria inampa mapumziko ya dakika 60 akishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Kwenye lindo la mtu mmoja mapumziko hayo hayapo. Anakula wali jicho likiwa getini, kwa hiyo hata saa ya kula ni kazi na inalipwa.

Dalali_77: Sijamtukana mtu. Ila nasikia mkikubaliana kwa maandishi, zamu ya saa 12 haina ovataimu.

Hesabu Kali: Umeshika nusu, ndugu. Makubaliano hayo ni ya wiki isiyozidi siku 5, saa za kawaida zinabaki 45, na ovataimu isizidi saa 10 kwa wiki. Kwenye zamu ya siku 6 hayaingii.

Kisiki na Mama Pwani, hamgombani. Chukua mshahara wa msingi wa 195,000, hesabu iwe nyepesi. Gawa kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa 45: saa moja ni 1,000. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, kwa hiyo saa 27 za ziada kwa 1,500 ni 40,500 kwa wiki, karibu 175,500 kwa mwezi. Ongeza asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi: si chini ya 500 kwa usiku mmoja, 13,000 kwa usiku 26. Alitakiwa kupata zaidi ya 383,000, anapewa 195,000. Na hata akilipwa zote, ovataimu ina kikomo cha saa 50 kwa wiki 4. Yeye anafikisha 108.

Mama Pwani: Hapo umenivunja nguvu. Basi nani analipa? Kampuni inashinda zabuni kwa bei ya chini.

Hesabu Kali: Mteja. Lindo la usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Kwa saa 45 kila mtu, linataka walinzi 4. Mteja analipia wawili na mtu wa kuziba siku za mapumziko. Bei hiyo inapita kwa sababu ovataimu haimo.

Dalali_77: Pampu yangu je? Kampuni ilisema watamkata mlinzi mshahara.

Zamu ya Usiku: Kumbe! Hawezi kukatwa hivihivi. Kosa liwe lake, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa saini, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Kisiki: Jamani, turudi kwenye saa.

Zamu ya Usiku: Ndiko tuliko, Kisiki. Daftari la lindo ndilo linaloamua yote mawili. Mlinzi aandike saa ya kuingia na ya kutoka, anayempokea asaini, apige picha ukurasa. Dai la ovataimu linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na bila daftari anabaki na maneno matupu. Dalali, kwenye makabidhiano ya jioni ile, pampu iliandikwa?

Dalali_77: Iliandikwa "vitu vyote vipo".

Hesabu Kali: Hiyo haimfungi mtu. Kiandikwe kimoja kimoja: pampu, kufuli, tochi.

Dalali_77: Na kama daftari linakaa ofisini kwa supavaiza?