Florida hawakati kodi ya mapato ya jimbo: anayefaidika ni nani?

Mleta mada (Orlando):
Wakuu, kila mtu akilalamikia maisha Marekani anaambiwa, "Hamia Florida, kule jimbo halikati kodi ya mapato." Ni kweli halikati. Lakini huu mwaka wa sita niko hapa, na naona ushauri huo unamfaa mwenye nacho.

Sensa ya 2010 ilihesabu watu milioni 18.8, ya 2020 milioni 21.5. Wanaohamia ni akina nani? Eneo la mji lililokua kwa kasi kuliko yote Marekani kati ya sensa hizo ni The Villages, mji wa wastaafu hapahapa Florida, babu anakwenda dukani na kigari cha gofu. Huyo hatafuti kazi. Pensheni na gawio la hisa vinamfuata alipo, na ndivyo vinavyopandisha wastani wa kipato. Sisi tunaombadilishia shuka tunalipwa kwa saa. Kima cha chini kilifika dola 14 Septemba 2025, tena kwa sababu wananchi walipiga kura mwaka 2020.

Tazameni kaunti ya Palm Beach. Ufukweni ni majumba ya mabilionea. Endesha kama saa moja kwenda bara, unafika Belle Glade, kando ya ziwa Okeechobee: miwa mitupu, na msimu wa kuchoma mashamba masizi yanatua kwenye nguo ulizoanika. Kaunti ileile, wastani mmoja.

Mchangiaji (Tampa):
Mkuu, mbona hujahama? Mimi nilitoka Minnesota. Nabeba boksi kama kule, ila hapa kinachobaki mfukoni ni kikubwa zaidi, na mama nyumbani anakiona. Hiyo kodi ya mauzo ya 6% wanayotishia nayo watu haigusi unga wala nyama ya kupika. Na theluji sisukumi!

Mchangiaji (Miami):
Mnasahau ada za kondo, yaani fleti unayonunua kwenye ghorofa la pamoja. Ghorofa la kondo la Surfside, hapa karibu na Miami, lilipoanguka Juni 2021 na kuua watu 98, sheria ya 2022 ikalazimisha maghorofa ya zamani yakaguliwe na yaweke akiba ya matengenezo. Haki kabisa. Ila ada yangu ya mwezi sasa imepita rejesho la mkopo, na bima ya kimbunga sijaitaja.

Mleta mada:
Wa Tampa, unga hautozwi, nakubali. Pango je? Mtu akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, thamani inayotozwa kodi ya majengo haipandi zaidi ya 3% kwa mwaka. Nyumba ya kupangisha, kaunti inaweza kuipandisha hadi 10%, na mwenye nyumba hailipi kutoka mfukoni mwake, anakuongezea wewe. Sasa tuambie ukweli, hapo Tampa umepanga au umenunua?