Pipa la kuchomea taka mtaani Lamu: lapunguza sumu ya moshi au la?

Mlinda Kisima
Assalam alaykum wanajukwaa. Kamati ya mtaa huku Langoni yataka kununua mapipa mawili ya chuma ya lita 200, yatobolewe matundu ubavuni, taka zichomwe humo badala ya mchangani. Hoja yao ni kwamba pipa huwaka moto mkali, kwa hivyo moshi wake hauna neno. Ni kweli? Na kama si kweli, tuzifanyeje taka zinazokaa siku mbili tatu kabla ya kubebwa? Nyumba zimebanana, na kuna wazee wenye pumu.

Bi Maabara
Wa alaykum salaam. Pipa huzuia taka zisipeperuke. Sumu haliizuii. Tanuri la taka lililojengwa kitaalamu huuweka moshi kwenye joto la nyuzi 850 au zaidi kwa angalau sekunde 2. Pipa lenye maganda ya embe, matumbo ya samaki na nepi, moto wake mwingi huishia kukausha maji tu. Juu panawaka, katikati panafuka, na hapo panapofuka ndipo pabaya zaidi.

Moshi ukiwa kati ya nyuzi 200 na 450 hivi, kaboni na klorini huungana na kuzaa daioksini, jamii ya sumu kali. Klorini yenyewe hutoka kwenye PVC, yaani vipande vya bomba la maji na maganda ya nyaya za umeme. PVC tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Hutoka pia kwenye chumvi, na hili kwetu ni zito: magogo yanayotupwa na bahari yamelowa chumvi, nasi twayaona ni kuni tu. Daioksini kali kuliko zote, TCDD, iliwekwa mwaka 1997 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Lakini hiyo ni hatari ya miaka. Kinachomkaba mwenye pumu usiku uleule ni chembechembe ndogo mno za moshi ziitwazo PM2.5, ambazo unywele wa mtu ni mnene kuzishinda mara 20 na zaidi. Hazinaswi puani wala kooni, zateremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 WHO yataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Moshi unaoonekana kwa macho umeshapita hapo mbali sana. Na wengi huchoma jioni, wakati mbaya kabisa: upepo umelala, hewa ya chini imepoa, moshi unatambaa kichochoro kizima ukiingia madirishani.

Wanaowashia jiko la makaa kwa nailoni au kipande cha ndara, moto ni huohuo, ila uso uko karibu zaidi. Kifuu kikavu kinatosha.

Mzee wa Mboji
Bi Maabara kasema la moshi, mimi naongeza la jivu. Jivu la kuni ni mbolea, la taka silo. Metali za sumu, yaani risasi na kadimiamu za betri na rangi, haziungui, hubaki humo, na mvua ya masika ikinyesha huteremka nazo mchangani kuelekea visima. Jivu likimwagwa uani kuku hudonoa, na kwa kuwa daioksini hukaa kwenye mafuta, huishia katika kiini cha yai. Sijataja cheche na paa za makuti, wala makopo ya dawa ya mbu yanayolipuka motoni.

Mapipa nunueni, lakini ya plastiki, na ya kuozeshea. Chuma hakidumu kwa hewa hii ya chumvi. Chagueni yaliyobeba mafuta ya kula, si dawa wala petroli. Toboeni matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 15, ubavuni na chini, kisha muyainue juu ya mawe matatu. Tabaka la kwanza ni sentimita 15 za makumbi yaliyochambuliwa. Baada ya hapo, kila ndoo ya maganda ifuatwe na ndoo mbili za vikavu: majani, makuti kuukuu yaliyokatwakatwa, maboksi yaliyochanwa. Vikavu ndivyo viwe juu kila siku, la sivyo mtafuga nzi. Samadi ya punda yaharakisha kuoza, na hiyo Lamu haijapata kuadimika.

Geuzeni kila wiki. Finya konzi moja: tone moja au mawili yakidondoka ni sawa. Maji yakichuruzika, hewa imekosekana, na ndipo inapotoka harufu ya yai bovu, ongezeni vikavu. Machicha ya nazi yatawanywe, yakirundikwa huganda na kuchacha. Matumbo ya samaki yasiingie pipani kwa sababu ya paka na panya. Yafukieni sentimita 40 chini, mbali na kisima. Pipa la kwanza likijaa liacheni kama miezi mitatu huku la pili likijazwa, kwa hiyo mawili ndiyo idadi yenyewe.

Vinavyooza vikishatolewa, zilizobaki hazinuki. Chupa zikisuuzwa na kuminywa hukaa guniani hata mwezi, na haja ya kiberiti yaondoka. Plastiki ngumu na ndara msizitupe ovyo: jahazi la Flipflopi lilijengwa papa hapa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, likashushwa majini 2018.

Mlinda Kisima
Ahsante, mzee wangu. Na nepi je? Na kuna jirani asemaye sheria haimtaki atenganishe chochote.

Karani
Yamtaka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yataka taka zitengwe, zinazooza kando na zisizooza kando.

Nepi: kinyesi kimwagwe chooni, ikunjwe, ifungwe, iwekwe kwenye gunia lake lenye mfuniko mpaka siku ya kubebwa. Haiwaki vizuri hata ukitaka, imejaa maji na plastiki. Betri ziwekwe peke yake. Sindano za kisukari zitiwe kwenye chupa ngumu yenye kizibo, ikifika robo tatu iulizwe hospitali au zahanati iliyozitoa kama yazipokea, isiingie guniani kumchoma mbebaji.