Naomba ushauri: gitaa la umeme la mashoto kwa laki sita, nipo Dodoma

Mashoto wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mashoto, na kwa mwaka mzima nimejifunzia gitaa la umeme la kanisani, ambalo ni la mkono wa kulia, kwa kuligeuza na kupanga nyuzi upya. Uzi mnene umekataa kukaa kwenye mfereji wake, na Jumapili iliyopita mkono wangu uligusa kitufe cha sauti katikati ya pambio, gitaa likanyamaza huku wanakwaya wote wakinitazama. Mwalimu wetu anasisitiza nihamie mkono wa kulia. Nina laki sita, na amplifaya ipo. Nifanyeje?

Fundi wa Majengo
Ndugu, tatizo lako la kwanza ni kile kipande cheupe kilicho kati ya shingo na kichwa. Katika seti ya kawaida, uzi mwembamba una unene wa inchi 0.010 na ule mnene 0.046, kwa hiyo ukigeuza mpangilio, uzi mnene unaelea juu ya mfereji mwembamba, na mwembamba unachezacheza katika mfereji mpana. Kipande hicho hubadilishwa, kisha urefu wa kila uzi hurekebishwa kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, ili noti za juu zisipotoke. Kitufe cha sauti, hata hivyo, kitabaki pale pale chini ya mkono wako. Watu watakutajia Jimi Hendrix, mpiga gitaa maarufu aliyegeuza gitaa la umeme aina ya Stratocaster la mkono wa kulia. Ni kweli, lakini hiyo haikulazimu kuurithi usumbufu.

Mzee wa Solo
Mimi ni mashoto na ninapiga kulia tangu ujana, kwa sababu sikupata gitaa lingine. Faida yake ni kwamba nikialikwa popote naazima gitaa lolote. Ungekuwa na wiki mbili tu za kujifunza, ningekuambia umsikilize mwalimu. Kwa mwaka mzima, vidole vimeshazoea, usivisumbue.

Dada wa Area C
Agiza la mashoto kabisa. Yamaha Pacifica 112J ina toleo la mkono wa kushoto, nalo huandikwa PAC112JL. Kampuni za Squier, Epiphone na Ibanez nazo zinayo ya bei ya wanaoanza. Kwa fedha yako, tafuta lililotumika. Usiamini picha pekee, kwa kuwa picha hugeuzwa kirahisi: mwombe muuzaji akupigie picha ya kichwa, na ukiona jina la kampuni linasomeka kinyumenyume, achana naye. Likifika, pitisha kiganja pembeni mwa shingo, maana ukavu wa hapa kwetu husinyaza mbao na ncha za vyuma vya shingo hutokeza na kukwaruza.

Mashoto wa Nkuhungu
Nawashukuru sana. Kuna Pacifica iliyotumika iko Dar es Salaam, muuzaji anataka laki tano na nusu. Nimeshamwomba picha ya kichwa, bado hajajibu.

Fundi wa Majengo
Akijibu, mwambie alegeze nyuzi kidogo kabla ya kulipakia kwenye basi.