Betri ya jeli 200Ah, mwisho wa kuishusha ni wapi?

Mkazi_Shamba
Wakuu habari zenu, huku kwetu nguzo za umeme hazijafika nategemea sola tu, nina betri moja ya jeli 12V 200Ah inabeba taa, tv na friji ndogo. Fundi aliyenifungia anasema tumia tu mpaka inveta izime yenyewe, jirani yangu anasema nikifanya hivyo kila usiku betri haifiki mbali. Nimsikilize nani?

voltimita
Jirani yuko sahihi mkuu. Inveta nyingi zinakata kwenye 10.5V na hapo betri ya jeli au ya maji imeshaisha kabisa. Ishushe nusu tu, ikiwa imetulia bila mzigo wala chaji mita itasoma kama 12.2V hivi. Maana yake kwenye hiyo 200Ah una 100 za kutumia, mara 12 ni watt-saa 1200, hapo bado inveta haijala chake, sasa piga hesabu friji inakula ngapi tangu magharibi mpaka asubuhi.

Mkazi_Shamba
Shukrani sana. Ila friji ikiwaka mita inasoma 11.8 ikizima inapanda 12.4, nishike ipi?

voltimita
Ya mzigo inadanganya usiishike. Pima alfajiri kabla jua halijagusa paneli, chomoa vitu vyote, ipe hata nusu saa ndio usome.

fundi_wa_pwani
Naongezea, kushuka usiku mmoja sio tatizo kubwa kama KUIACHA chini. Masika mawingu yanakaa siku tatu nne betri haijai, salfeti (chumvi ya risasi) inaganda kwenye sahani za ndani ya betri na ikishakomaa haitoki tena, uwezo ndio unapotea hivyo. Siku hizo zima friji kabisa baki na taa. Taa na tv kama ni za DC (zinazotumia umeme wa betri bila inveta) zifunge kwenye tundu la load la chaji kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri, yenyewe itakata kama 11V, ila inveta usiiweke hapo itaunguza kontrola, hiyo inakaa moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake.

jua_kali77
Ukipata hela hamia lithiamu fosfeti, unashusha asilimia 80 bila wasiwasi. Tatizo lake volti inasimama 13 na kitu muda mrefu halafu inaanguka ghafla kwa hiyo usikadirie kwa mita, angalia BMS, ile saketi ya ndani inayoilinda betri na kuhesabu chaji. Na usije ukaiunga pamoja na hiyo jeli, pia kontrola lazima uiseti upya.

fundi_wa_pwani
Mkazi, cheki kwenye menyu ya inveta kama ina sehemu ya kubadili volti ya kukata, ikiwepo ipandishe 11.5 leo leo